Maji ya Nairobi hayafiki nyuzi 100

Ujumbe wa "Je, wajua?" huja kwa sentensi moja na picha. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Chumvi huchelewesha maji kuchemka. Maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi. Mtungi wa udongo hupoza maji bila umeme. Zote nne zina ukweli ndani yake, na zote nne, zikichukuliwa jinsi zilivyoandikwa, zinaweza kumwangusha mpishi, mwalimu na mwanafunzi. Kasoro yake ni moja: masharti yamekatwa. Hakuna anayetaja mwinuko wa mahali, aina ya chombo, unyevu wa hewa wala pale kipimajoto kilipozamishwa. Msimamo wangu ni kwamba sharti lililokatwa ndilo lenye ajabu yenyewe, na ndilo lenye manufaa. Anayelijua anaweza kupika, kupima na kubisha. Asiyelijua kazi yake ni kusambaza tu.

Tuanze na nyuzi 100. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu iliyo sawa na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Pwani, yaani Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, mgandamizo huo ni mkubwa na maji hulazimika kufika 100. Ukipanda bara, hewa iliyo juu ya sufuria inapungua, na maji yanachemka yakiwa bado hayajafika huko. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 za mwinuko zinakupunguzia nyuzi 1. Dodoma, mita 1,100 na ushei, maji huchemka kwa 96. Kampala, karibu mita 1,200, ni hapo hapo. Arusha, mita 1,400, ni 95. Nairobi na Mbeya, ambazo hazipishani sana na mita 1,700, ni 94. Eldoret, mita 2,100, ni 93. Kileleni Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwa nyuzi 80 hivi, na hayatapanda zaidi ya hapo hata ukiyawekea moto wa tanuri.

Sharti hili si jambo lililogunduliwa baadaye likaongezwa. Anders Celsius, mwanafalaki wa Uppsala, Sweden, alipotangaza kipimo chake mwaka 1742 alionyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba barafu huyeyuka kwa joto lile lile popote unapopimia, na kwamba joto la kuchemka hupanda na kushuka kufuata mgandamizo wa hewa. Kwa hiyo kipimo chake kilifungwa na kipimo cha hewa tangu siku ya kwanza. (Alikianza kinyume, 0 ikiwa ni maji yanayochemka na 100 ikiwa ni barafu, kiligeuzwa baada ya kifo chake mwaka 1744.) Namba ilisafiri kutoka Uppsala hadi ubao wa darasani, sharti likaachwa njiani. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Mbeya anayepima maji yanayochemka na kusoma 94 huambiwa kipimajoto chake kibovu, wakati ndiye aliyepima sawasawa.

Nyuzi sita ni kitu? Kwa wali si kitu kikubwa, kwa kuwa wanga huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi. Kwa maharage ni kitu kikubwa. Kinacholainika hapo si wanga peke yake bali gundi inayoshikilia kuta za seli, iitwayo pektini, na gundi hiyo huachia polepole sana joto linapokuwa chini ya lile la kuchemkia pwani. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba joto likishuka nyuzi 10, kasi ya mabadiliko mengi hupungua kama nusu. Ukiitumia kwa tofauti ya nyuzi 6, sufuria ya maharage inayoiva kwa saa moja na nusu Tanga itataka karibu saa mbili na robo Nairobi, kwa maharage yale yale. Ndiyo maana muda unaoandikwa kwenye mapishi ya pwani haufai kunakiliwa kwa ajili ya msomaji wa Iringa au Nakuru bila kurekebishwa. Githeri ya nyanda za juu haichelewi kwa sababu mpishi hajui kazi.

Charles Darwin alikutana na jambo hili mwaka 1835 akivuka milima ya Andes. Viazi vilichemshwa usiku, sufuria ikaachwa motoni hadi asubuhi ikachemshwa tena, navyo bado vigumu. Wenzake wawili wa safari walilijadili jambo hilo wakafikia uamuzi kwamba kosa ni la sufuria: ilikuwa mpya, na haikutaka kuchemsha viazi. Ni rahisi kuwacheka. Lakini walikuwa wamefanya kile ambacho sote hufanya tunapokosa sharti: walitafuta mkosaji aliye karibu.

Mkosaji wa kwetu kwa kawaida ni moto. Maharage yakikawia, mtu huongeza mkaa na kupepea. Hapo ndipo fizikia inapogeuka kuwa hasara ya fedha. Maji yakishachemka, joto lake limefika mwisho wake wa mahali hapo. Moto unaouongeza hauwi joto la maharage, unakuwa mvuke. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunataka kilojuli 335 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke kunataka kilojuli 2,257, karibu mara saba. Mkaa mzuri una kilojuli 29,000 hivi kwa kilo, na jiko la kawaida huingiza kwenye sufuria kama moja ya tano ya nguvu hiyo, au robo likiwa na udongo ndani. Piga hesabu: kila lita ya maji unayoikausha kwa kuchemsha kwa fujo imekula theluthi ya kilo ya mkaa, na maharage hayakuiva hata dakika moja mapema. Sufuria yenye kifuniko, ikitoa vipovu vichache taratibu, ina joto lile lile la sufuria inayorusha maji jikoni. Ukitaka faida moja tu kutoka katika makala haya, chukua hiyo.

Chumvi nayo. Ni kweli chumvi hupandisha joto la kuchemkia, na wapo wanaopendekeza kuitumia kufidia mwinuko. Kiasi chake ndicho hakitajwi. Kijiko kikubwa kimoja, gramu 18 hivi, katika lita moja ya maji hupandisha joto hilo kwa theluthi ya nyuzi 1. Kurudisha nyuzi 6 za Nairobi kungetaka zaidi ya robo kilo ya chumvi kwa lita, na chakula hicho hakuna wa kukila. Kilichowahadaa watu wengi ni kitu kingine: ukitupia chumvi kwenye maji yaliyokaribia kuchemka, yanafoka ghafla. Zile ni punje zinazoupa mvuke mahali pa kuanzia vipovu. Joto halijabadilika.

Sasa kinachosaidia kweli. Pektini ya mharage imefungwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Chochote kinachoyaondoa madini hayo huharakisha kuiva, na chochote kinachoyaongeza hukawiza. Kuloweka usiku kucha ni hatua ya kwanza inayojulikana na kila nyumba. Isiyojulikana sana ni kwamba chumvi ndani ya maji ya kulowekea, gramu 15 kwa lita, hulainisha ngozi ya mharage badala ya kuikomaza, kwa sababu sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu hiyo. Hofu ya kwamba chumvi ya mwanzo inafanya maharage yagome haina msingi. Hofu inayostahili ni ya maji yenyewe. Maji ya kisima yasiyotoa povu la sabuni kwa urahisi, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yamejaa kalsiamu ile ile unayotaka kuiondoa, na humo maharage yanaweza kuchemka hadi jioni. Ukiwa na maji ya mvua, yatunze kwa kazi hiyo. Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje hadi punje ziwe laini kabisa, kwa kuwa ukali wake huikaza pektini.

Magadi hufanya kazi kinyume cha ukali huo, ndiyo maana yamo katika mapishi ya makande tangu zamani. Yale yanayochotwa Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kiasi ndicho kinachoharibu chakula. Kwa nusu kilo ya maharage makavu, robo ya kijiko cha chai inatosha. Ukizidisha, maharage yanakuwa na ladha ya sabuni, ngozi zinavuka, rangi inakuwa nyeusi, na vitamini B1 inaangamia kwa wingi. Pia magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo ni heri itumie bikaboneti ya dukani, ile ya kuumulia keki.

Kuna maharage ambayo hata hayo yote hayayasaidii, nayo ni yaliyozeeka ghalani. Yakikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, ndani yake hutokea mabadiliko yanayoifunga pektini kabisa. Hapo mnunuzi wa pwani, mwenye maji ya nyuzi 100, anaweza kushindwa na wa Njombe aliyenunua mavuno mapya. Mwinuko si sababu pekee, na anayeeleza kila kitu kwa mwinuko anarudia kosa lile lile la kuacha masharti mengine.

Presha kuka ndiyo jibu la moja kwa moja, kwa sababu inatengeneza mgandamizo wake yenyewe. Denis Papin, Mfaransa, aliionyesha London mwaka 1679 ikiwa na vali ya usalama aliyoibuni mwenyewe, na mwaka 1682 aliwaandalia wanasayansi wa Royal Society mlo uliopikwa humo. Iliyo imara ya siku hizi huongeza kilopaskali 100 hivi juu ya mgandamizo wa nje, na maneno "juu ya wa nje" ndiyo ya kuangalia. Pwani humo ndani maji hufika nyuzi 120. Nairobi, ambako mgandamizo wa nje ni mdogo, sufuria hiyo hiyo huishia 117 au 118. Kwa hiyo hata presha kuka huongezewa muda: asilimia 5 kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600. Dakika 20 za Mombasa ni 24 kwa Nairobi. Usijaze maharage na maji kupita nusu ya chombo, maana povu lake huziba tundu la vali, na kijiko cha mafuta hupunguza povu hilo.

Lipo sharti moja la joto ambalo si la mkaa wala la ladha. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kichefuchefu na matapiko makali ndani ya saa chache, na punje nne au tano zisizoiva zaweza kutosha. Kuchemka kwa nguvu huiharibu. Joto la nyuzi 80 haliiharibu, na maharage yaliyopashwa kiasi hicho tu yanaweza kudhuru kuliko mabichi kabisa. Utaratibu salama ni kuloweka saa 5 au zaidi, kumwaga maji hayo, kisha kuchemsha kwa maji mapya si chini ya nusu saa ndipo upunguze moto. Linganisha na namba za mlimani: kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720, maji yanachemka kwa nyuzi 84 hivi. Anayetaka maharage mekundu kule ayapande nayo yakiwa yameshaiva.

Baada ya yote hayo mtu angedhani maji ya kunywa nayo yanataka kuchemshwa kwa muda mrefu sana nyanda za juu. Hapa sharti linafanya kazi kinyume. Bakteria, virusi na vimelea vya kuhara hufa vingi mno joto likiwa bado linapita kwenye nyuzi 70. Yakifika 93 ya Eldoret vimeshakwisha. Mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani inapendekeza dakika 1 ya kuchemka kwa nguvu, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kwa tahadhari. Zile dakika 10 au 20 zinazohimizwa katika nyumba nyingi ni mkaa unaopaa. Maji mengi ya kuchemshwa huharibika baadaye: kikombe kinachochovywa, ndoo isiyo na kifuniko, mkono wa mtoto. Huko ndiko kwa kuweka ukali.

Tuje kwa maji ya moto yanayoganda kwanza, habari inayotuhusu Watanzania kwa namna ya pekee, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoharibiwa zaidi kwa kufupishwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa inajaa. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Mwalimu wa fizikia alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alisikia kwa rafiki yake muuza aiskrimu wa Tanga kwamba wauzaji huyaweka yakiwa ya moto kwa makusudi ili yawahi. Akiwa Mkwawa, Iringa, alidhihakiwa darasani kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kisha Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa Chuo Kikuu Kishiriki, akaja kutoa mhadhara, Mpemba akauliza swali lake mbele ya wanafunzi waliocheka, na Osborne akaenda kulijaribu badala ya kulijibu. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969.

Angalia kilichomo katika tukio la kwanza. Halikuwa la maji hata kidogo, lilikuwa la maziwa yenye sukari. Na moja lilikuwa limechemshwa, jingine mbichi. Hizo ni tofauti mbili zaidi ya joto. Osborne alielewa hivyo, kwa hiyo alihamia kwenye maji matupu, mililita 70 ndani ya bika za kioo, zikiwa juu ya kipande cha povu gumu la plastiki lisilopitisha joto, ndani ya friza. Povu hilo ndilo hatua ambayo wengi wanaojaribu nyumbani huiruka. Sakafu ya friza ina theluji. Chombo cha moto huiyeyusha, kikakaa moja kwa moja juu ya bati baridi, wakati chombo cha baridi kimebaki juu ya theluji inayozuia joto kutoka. Ukiona cha moto kimeshinda bila kuweka povu, huenda umepima theluji. Walijaribu pia kumwagia mafuta kidogo juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa, dalili kwamba sehemu kubwa ya joto ilikuwa ikitokea juu.

Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb. Kisha mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, wakarudia majaribio na kuyapitia ya wengine, wakasema hawaoni ushahidi kwamba maji ya moto hufika 0 mapema. Tena wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu kwenda juu au chini kunatosha kuleta matokeo ya uongo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada wakaionyesha athari hiyo bila shaka, lakini kwa chembe ndogo mno iliyokuwa ikisukumwa kwa mwanga ndani ya maji. Kila habari ikafika kwetu kwa kichwa chake: Mtanzania amewashinda wazungu, Mtanzania ameumbuliwa, Mtanzania amethibitishwa. Vichwa vitatu hivyo vinajibu maswali matatu tofauti kana kwamba ni moja.

Maana "kuganda" ni nini? Yaweza kuwa kipimajoto kusoma 0. Yaweza kuwa kuonekana kwa kipande cha kwanza cha barafu. Yaweza kuwa chombo kizima kuwa jiwe. Maji safi yanaweza kushuka hadi chini ya nyuzi 0, hata hasi 10, yakiwa bado majimaji, yakisubiri kitu cha kuanzisha barafu. Kwa hiyo chombo kilichofika 0 cha kwanza kinaweza kuwa cha mwisho kuonyesha barafu. Burridge na Linden waliuliza swali la kwanza. Mpemba, pale Magamba, alikuwa ameona la tatu au la pili. Hawajapingana kama tunavyoambiwa. Na Mpemba hakudai kwamba maji ya moto huganda kwanza kila mara. Aliuliza kwa nini ilitokea.

Mwalimu anayetaka kulifanya darasani, hizi ndizo hatua. Chemsha maji yote, kisha sehemu moja iache ipoe hadi 35, ili hewa iliyoyeyuka ndani isiwe tofauti. Tumia vyombo viwili vilivyo sawa, kila kimoja na mililita 70 hadi 100, na uvipime kwa mizani kabla na baada, kwa sababu maji ya moto hupotea kwa mvuke na kilichobaki ni kidogo cha kugandisha. Weka povu chini. Ncha za vipimajoto ziwe kina kimoja, zimefungwa zisisogee. Badilisha nafasi za vyombo katika kila jaribio, maana friza huwa na kona yenye upepo zaidi. Chombo cha moto kinaweza kuamsha mota ya friza ikakipoza na jirani yake, kwa hiyo fanya pia majaribio ya kimoja kimoja. Andika kabla ya kuanza utahesabu nini kuwa ndiyo kuganda. Rudia angalau mara kumi kwa kila joto. Matokeo yatatofautiana siku kwa siku, na darasa litakuwa limejifunza zaidi kwa tofauti hizo kuliko kwa jibu la ndiyo au hapana.

Mtungi hauna ugomvi wa namna hiyo, ila una jiografia. Udongo uliochomwa bila kupakwa kitu huacha maji yapenye taratibu hadi nje, yakauke, na kila gramu 100 zinazokauka hubeba joto la kutosha kupoza lita 10 kwa nyuzi 6 hivi. Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuuingiza mtungi mmoja ndani ya mwingine, mchanga mbichi katikati, ili kuhifadhi mboga za wakulima. Kule hewa ni kavu. Picha za vyungu vyake husambazwa hadi Tanga na Lamu kama dawa ya kila mahali, na huko ndiko vinakowavunja watu moyo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 40, ya aina unayoikuta Dodoma kiangazi, inaruhusu mtungi kushuka hadi karibu 20. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75, ya pwani, hairuhusu chini ya 27. Mtungi ule ule, mfinyanzi yule yule.

Mtungi unaopoza uwekwe kivulini penye upepo, juu ya kigoda ili hata kitako kipumue, usipakwe rangi wala vanishi, na usuguliwe nje kwa brashi kila baada ya majuma machache, kwa kuwa chumvi ya maji huziba vitundu. Kabla ya kununua, chukua kipimajoto, funga ncha yake kwa kitambaa kilicholowa, pepea kwa dakika tano katika kivuli kile kile unachokusudia kuuweka, kisha soma. Hiyo ndiyo baridi ya mwisho ambayo mtungi wowote utaifikia mahali hapo saa hiyo. Ikiwa imeshuka nyuzi 8 au zaidi, nunua. Ikiwa imeshuka 3, tafuta barafu.